Grant Park, 22 Julai 2017: tamasha la Pokémon GO lililokosa mtandao

John Hanke alipanda jukwaani kufungua sherehe, akazomewa. Alikuwa mkuu wa Niantic, kampuni iliyotengeneza Pokémon GO, na kabla ya hapo ndiye aliyeongoza kazi iliyozaa Google Earth. Mbele yake, katika bustani ya Grant Park mjini Chicago, walisimama watu walioipenda gemu yake kiasi cha kulipa kiingilio, kusafiri na kupanga foleni kwa saa kadhaa juani. Simu walikuwa nazo mkononi, ila gemu ilikuwa haifunguki. Wakaanza kuimba kwa pamoja: “Hatuwezi kucheza!” Wengine wakadakia: “Tengenezeni gemu!”

Kisa hiki husimuliwa kwa kifupi kwamba watu walikuwa wengi, mtandao ukazidiwa, yakaisha. Kwangu maelezo hayo hayatoshi. Grant Park ni bustani ya ekari 319 kando ya Ziwa Michigan, na kila mwaka hupokea tamasha la muziki la Lollapalooza lenye watu wapatao laki moja kwa siku. Mwaka huohuo wa 2017, Lollapalooza ilifanyika hapohapo wiki mbili tu baadaye. Tamasha la Pokémon GO lilikuwa na watu kama 20,000. Ukihesabu vichwa, hiyo ilikuwa siku nyepesi kwa bustani ile. Kwa hiyo swali linalonisumbua ni jinsi watu 20,000 walivyoweza kuangusha kitu ambacho laki moja hawakiangushi, na jibu lake, nionavyo, linaeleza karibu kila kitu kilichoharibika siku ile, hata fidia iliyotolewa baadaye. Wageni walihesabiwa vizuri. Walichokuja kufanya ndicho ambacho hakikuhesabiwa.

Kwa asiyeijua, Pokémon GO ni gemu ya simu inayochezwa kwa miguu. Ramani iliyo kwenye kioo ni ramani ya mtaa uliosimama, na viumbe unaowawinda hujitokeza kadiri unavyotembea. Ilitoka Julai 2016 na ikalipuka. Kufikia Juni 2017 Niantic ilikuwa inasema imepakuliwa zaidi ya mara milioni 750. Hata hivyo, kwa mwaka mzima kulikuwa na pengo ambalo kila mchezaji alilijua. Pokémon wa daraja la juu kabisa, wale wa hadithi, hawakuwa wameachiwa hata mmoja. Mwezi mmoja kabla ya tamasha kampuni ilileta mapambano ya pamoja, yaani kiumbe mkubwa hutokea mahali fulani kwa muda maalumu, na wachezaji wasiozidi 20 hukutana hapo kimwili kumshambulia. Peke yako humwezi. Mashabiki wakaunganisha mawili na mawili: hiyo ndiyo njia watakayopitia wale wa hadithi.

Mwezi huohuo likatangazwa tamasha la Chicago. Tiketi ziliingia sokoni tarehe 19 Juni kwa dola 20, zikaisha kama maandazi ya asubuhi, na walanguzi wakaziuza tena kwa mamia ya dola. Watu walikata tiketi za ndege kutoka majimbo ya mbali, wengine kutoka nje ya Marekani, wamfuate kiumbe asiyeshikika. Yule waliyekuwa wakimtarajia aliitwa Lugia, mfano wa ndege mkubwa mweupe wa baharini, ambaye mashabiki wamemfahamu tangu gemu za Pokémon za mwaka 1999. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati huo alifika Grant Park akiwa na miaka 28, ana kazi na likizo yake mwenyewe. Huwezi kuuelewa umati ule bila kukumbuka hilo. Gemu zenyewe zingeweza kuchezwa kokote. Kilichowatoa nyumbani ni kutaka kuwepo siku ambayo kingetokea kitu walichokingoja tangu utotoni.

Ratiba nayo ilipangwa kwa namna ambayo, nikiitazama leo, naiona kama mtego waliojitegea wenyewe. Katika vipindi maalumu vya siku, wachezaji waliomo bustanini walitakiwa kukamata Pokémon wengi kadiri wawezavyo, na idadi yao ingewafungulia zawadi wachezaji wa dunia nzima. Wa nje nao walikuwa wakikamata ili kurefusha muda wa zawadi hizo. Kwa maneno mengine, watu 20,000 waliambiwa wafanye kitu kilekile, kwenye programu ileile, dakika ileile, huku dunia ikiwatazama.

Mkutano wa mashabiki wa muziki na mkutano wa wawindaji wa Pokémon huonekana sawa kwa mtu aliye kwenye helikopta. Kwa mnara wa simu ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtazamaji wa muziki hutoa simu, hupiga picha, huituma, huirudisha mfukoni. Huyu anatuma sasa, yule atatuma baada ya nusu saa, wa tatu simu imeishiwa chaji. Mnara hupumua. Mchezaji wa Pokémon GO hairudishi simu mfukoni. Programu inaripoti mahali alipo, inauliza kuna nini karibu, inapokea jibu, anasogea hatua tano, inauliza tena. Mzigo wa kila mazungumzo ni mdogo, mdogo kuliko picha moja ya muziki, lakini hauna mapumziko, na unatoka kwenye kila mkono. Mnara una kikomo cha simu unazoweza kuzihudumia kwa wakati mmoja hata kama kila moja inaomba tone tu.

Halafu kuna jambo baya zaidi. Simu iliyokataliwa haikati tamaa. Inajaribu tena, na mwenyewe naye anafunga programu na kuifungua upya, anawasha na kuzima hali ya ndege, anaomba kuingia kwenye akaunti kwa mara ya saba. Kila jaribio ni mzigo mpya juu ya mnara ambao tayari umeinama. Aliyewahi kujaribu kutuma video akiwa Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga, dakika moja baada ya goli, anajua hali hiyo: alama za mtandao zimejaa juu ya kioo, na ujumbe hauendi. Tofauti ni kwamba uwanjani mpira unaendelea mbele ya macho yako.

Baada ya tamasha, Hanke alieleza kwa maandishi kilichotokea. Alitaja hitilafu katika upande wa gemu yenyewe iliyowapata baadhi ya wachezaji, akasema hiyo ilirekebishwa. Kilichodumu ni kuzidiwa kwa mitandao ya baadhi ya kampuni za simu, kiasi kwamba watu walikosa gemu na hata huduma nyingine za intaneti, na msongamano huo ukazaa tatizo la tatu, la kushindwa kuingia kwenye akaunti hata kwa waliokuwa na mtandao. Na hapa lazima niwe mwadilifu kwa Niantic. Kwa maelezo yake, kampuni ilikuwa imetoa makadirio ya idadi ya watu pamoja na kiasi cha data ambacho kila mmoja angehitaji, ikamkabidhi mshirika wake wa maandalizi, naye akazungumza na kampuni za simu. Baadhi ya kampuni hizo zilileta minara ya muda iliyopachikwa kwenye magari. (Mafundi wa Marekani huiita “ng'ombe”, kwa kuwa herufi za kwanza za jina lake la Kiingereza zinasomeka hivyo. Hebu fikiria kikao cha watu wazima wakijadili wanahitaji ng'ombe wangapi Grant Park.) Nyingine ziliona hakuna haja, zikitegemea takwimu zao wenyewe na matumizi ya watu wengine waliowahi kukusanyika eneo lile.

Sentensi hiyo ya mwisho naiona kuwa ndiyo moyo wa kisa. Walitazama wageni waliotangulia wakadhani hawa watafanana nao. Bustani ilikuwa na historia ndefu ya kupokea umati, na historia hiyo ndiyo iliyowadanganya.

Ajabu ni kwamba Niantic haikuwa mgeni katika kukusanya wachezaji. Miaka kadhaa kabla, kupitia gemu yao ya awali iitwayo Ingress, walikuwa wakiita mikutano ya wachezaji katika miji mbalimbali ya dunia. Lakini mikutano ya Ingress ilitapakaa mjini. Timu moja ilikuwa kwenye daraja, nyingine sokoni, nyingine inazunguka kwa baiskeli. Mji wenyewe ndio uliokuwa uwanja, na minara ya mji mzima iligawana kazi. Chicago walichukua gemu iliyoundwa ili watu watawanyike, wakaizungushia uzio na kuweka geti. Foleni ya kuingia getini peke yake ilikula saa kadhaa za siku iliyokuwa na kikomo.

Linganisha na mikutano mikongwe ya utamaduni huu. QuakeCon, mkutano wa wachezaji wa gemu za kompyuta ulioanzia Texas mwaka 1996, ulijengwa juu ya desturi ya kuja na kompyuta yako mwenyewe: unaibeba kutoka nyumbani, unaiweka mezani, unachomeka waya wa mtandao wa ukumbini, na mpinzani wako yuko meza ya tatu. Mashindano ya gemu za kupigana ya Evo, ambayo mizizi yake pia ni ya 1996, hufanyika kwa mashine zilizowekwa mezani, watu wawili bega kwa bega, umati nyuma yao unapiga kelele. Intaneti ya nje ikikatika, wanaotazama kwa mbali ndio wanaoumia. Mezani ngumi zinaendelea. Mikutano hiyo ina vurugu zake, sikatai, ila kila mmoja hubeba ndani yake kitu ambacho watu wamekuja kukifanya. Grant Park kilichobaki baada ya mtandao kukatika ni nyasi, mahema ya timu tatu za gemu yenye rangi ya bluu, nyekundu na njano, na jua la Julai.

Kufikia mchana waandaaji walichukua hatua ambayo ingefaa iwe ndiyo mpango tangu mwanzo. Waliondoa uzio, si ule wa chuma bali ule wa ndani ya gemu. Pokémon maalumu wa tamasha walipanuliwa eneo hadi maili mbili kuizunguka bustani, sawa na zaidi ya kilomita tatu, na muda ukaongezwa hadi Jumatatu asubuhi. Watu wakaanza kumiminika kuelekea Michigan Avenue na mitaa ya katikati ya mji. Kadiri walivyosambaa ndivyo simu zilivyoanza kuitika. Vikundi vya watu wasiojuana vikawa vinakimbia kutoka pambano moja hadi jingine kando ya barabara, wenye mashati ya bluu na mekundu pamoja. Jioni ileile Lugia akaachiwa, na pamoja naye Articuno, ndege wa barafu. Ukiwasoma waliokuwepo, wengi waliolalamika kuhusu mchana wanaisimulia jioni kwa lugha nyingine kabisa. Gemu ilikuwa imerudi kwenye umbo lake.

Sasa fidia. Niantic ilitangaza siku hiyohiyo kwamba kila aliyehudhuria atarudishiwa pesa ya tiketi, atapewa sarafu za ndani ya gemu zenye thamani ya dola 100, na Lugia atawekwa moja kwa moja kwenye akaunti yake. Ukisoma haraka unaona ukarimu: umelipa 20, umerudishiwa 20, umeongezewa za 100 na kiumbe adimu juu yake. Wengi walifurahi, na siwabezi. Ila angalia kitu hicho cha tatu kwa jicho la mwindaji. Lugia alikuwa na thamani kwa sababu ya kuwa miongoni mwa wa kwanza kumpata, baada ya pambano ambalo hulimalizi bila wenzako kukuzunguka, huku mpira wa mwisho uliomrushia ili kumkamata ukitikisika na wewe hujui kama atatulia. Kumkuta kwenye akaunti kama salio lililorushwa na mtandao wa simu ni jambo jingine. Mvuvi aliyenyimwa bahari hapozwi kwa kuletewa samaki. Kampuni ilikuwa imeona mashabiki wanamtaka Lugia, ikawapa Lugia, na bado haikugusa walichokuja kufanya.

Na dola 20 je? Siku chache baada ya tamasha ilifunguliwa kesi ya pamoja mjini Chicago, ikianzishwa na mchezaji mmoja aliyeruka kutoka California, kisha wengine wakajiunga. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Tiketi ya mlangoni ilikuwa sehemu ndogo kuliko zote ya gharama ya siku ile. Shabiki alilipa nauli ya ndege, hoteli, gari la kukodi, maegesho, mafuta. Alivilipa kwa sababu ya ahadi iliyotangazwa, na urejeshaji wa dola 20 haukuvigusa. Mwaka 2018 pande mbili zilipatana kwa dola 1,575,000, fedha zilizolenga hasa gharama za safari: nauli, hoteli hadi usiku mbili, maegesho na mengineyo ya njiani.

Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hati muhimu kuliko zote kwenye kisa hiki, zaidi ya video za kuzomea zilizosambaa. Waandaaji wengi wa matamasha ya mashabiki, wakubwa kwa wadogo, hupanga dhamana yao kwa bei ya mlangoni. Ikiharibika, utarudishiwa kiingilio. Lakini shabiki wa kweli karibu kila mara hutumia zaidi njiani kuliko mlangoni, na anayeishi mbali ndiye mwenye mapenzi makubwa na hasara kubwa. Jirani wa Grant Park aliyerudishiwa dola 20 alitoka sawasawa. Aliyetoka pwani ya mbali ya nchi alirudi na Lugia wa bure na deni la kadi. Sisemi kila tamasha lilipe ndege za watu; biashara hiyo isingesimama. Nasema bei ya chini ya mlangoni isimdanganye mwandaaji kwamba ameahidi kitu kidogo.

Madhara yalivuka bahari haraka. Matukio manne yaliyokuwa yamepangwa Ulaya mwezi wa Agosti, Copenhagen, Prague, Stockholm na Amsterdam, yaliahirishwa. Somo nalo halikuingia kwa mkupuo mmoja. Mwishoni mwa Juni 2018, katika bustani ya Westfalenpark mjini Dortmund, Ujerumani, Niantic iliandaa tukio jingine, na kwa siku mbili walifika watu takriban 170,000. Maji yakazidi unga tena: mtandao ukasuasua siku ya kwanza, na dawa ikawa ileile, kupeleka uwindaji nje ya bustani hadi mjini.

Chicago yenyewe ilirudiwa wiki mbili baada ya Dortmund, tarehe 14 na 15 Julai 2018, ila waliihama Grant Park wakaenda Lincoln Park, kaskazini mwa mji. Mpangilio ulionyesha kuwa kuna mtu alikuwa amekaa na karatasi za 2017. Badala ya kukusanya watu mbele ya jukwaa, waliwaandalia njia ndefu ya maili 1.8, karibu kilomita tatu, yenye maeneo tofauti ya viumbe, ili umati ujinyooshe kama mkeka badala ya kujikunja kama mpira. Tamasha likagawanywa siku mbili. Wachezaji walipewa kazi ya kufuata hatua kwa hatua, kila mtu kwa mwendo wake, hivyo hapakuwa na dakika moja ambayo wote wangebonyeza pamoja. Siku zile zilipita kwa amani, na mtu ambaye hakuijua historia angeona ni matembezi ya kawaida tu bustanini.

Mwaka 2020, ugonjwa ulipofunga milango ya dunia, tamasha lilihamia majumbani: 25 na 26 Julai, tiketi dola 14.99, kila mchezaji duniani kwenye mtaa wake na mnara wake. Umati ukawa umeyeyuka kabisa, na tatizo la mnara likayeyuka nao. Lakini kabla ya hapo, Juni 2019, walikuwa wamefanya jambo ambalo binafsi sikulitarajia. Walirudi Grant Park. Kuanzia tarehe 13 hadi 16, siku nne mfululizo, kila tiketi ikiwa na siku yake, kwenye nyasi zilezile ambako Hanke alizomewa. Safari hii watu walicheza.